"Badilisha Kivinjari": Ushauri Usiomfaa Mwanafunzi

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu unapowadia, malalamiko huwa yale yale: faili imekataa kupakiwa. Jibu la wasimamizi wa mifumo nalo ni lile lile: badilisha kivinjari. Ninadai kwamba jibu hili, japo lina chembe ya ukweli, humtwika mwanafunzi mzigo usio wake.

Zamani lilikuwa na mantiki. Kulikuwa na tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya Internet Explorer pekee, na vitufe vya kupakia vilivyotegemea Flash. Flash ilikoma mwishoni mwa 2020, Internet Explorer ikastaafishwa Juni 2022. Ushauri ulibaki.

Sasa tumtazame mwanafunzi aliye Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Maabara ya kompyuta iko mbali. Alicho nacho ni simu na bando alilolinunua. Faili yake ya megabaiti 12 yaweza kusafiri yote, bando likaliwa, ndipo seva iikatae. Akirudia kwa kivinjari kingine, analipa upya.

Isitoshe, vivinjari hivyo ni ndugu. Chrome, Edge (tangu 2020) na Opera (tangu 2013) vimejengwa juu ya msingi mmoja, Chromium. Atokaye Chrome kwenda Edge anamhoji shahidi yule yule aliyebadilisha kanzu. Kwenye iPhone hapa kwetu, hata Chrome na Firefox huendeshwa na mtambo wa Safari. Jaribio la haki ni Firefox kwenye kompyuta au simu ya Android. Faili ikipita huko na kukwama kwenye Chrome, kivinjari kina hatia: yamkini ni vidakuzi vya zamani, au kiendelezi cha kuzuia matangazo. Hata hapo, dirisha la faragha latosha kupima kabla ya kupakua programu nzima. Opera Mini ina kisa chake: katika hali yake ya kubana data zaidi, ukurasa hupitia kwanza seva za Opera, na kurasa zinazotegemea JavaScript sana huvurugika.

Faili ikikataa kote, hatia haimo kivinjarini. Aghalabu ni ukubwa. Mifumo iliyoandikwa kwa PHP hukubali faili ya megabaiti 2 tu hadi msimamizi abadilishe kipimo hicho. Seva ya nginx huruhusu megabaiti 1. Tasnifu ya fasihi simulizi yenye picha za nyanjani itaupita mpaka huo kabla ya sura ya tatu! Jibu la seva ni nambari 413, basi. Au picha ya iPhone ni ya aina ya HEIC ilhali mfumo unataka JPG. Au mtandao ni wa kujikokota, na muda wa kuingia mfumoni ukaisha faili ikiwa njiani. Katika hayo yote, ni lipi linaloponywa na kivinjari kipya?

Hapa ndipo wanakiswahili tunapoingia. Istilahi tunazo: pakia na pakua ni jozi safi ya kitendo na kinyume chake (wapishi walikuwa na pakua kabla yetu). Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka wa 2004. Hata hivyo, saa ya dhiki mwanafunzi wa Kiswahili hupewa nambari na sentensi ya Kiingereza isiyosema kitu. Tumeyapa majina matufe, tukasahau kueleza makosa.

Napendekeza chama chetu kiandike ukurasa mmoja wa Kiswahili, uwekwe juu ya kitufe chenyewe cha kupakia: ukubwa unaoruhusiwa, aina za faili, muda wa kuingia, na namna ya kupunguza picha. Idara nazo zikubali picha ya skrini yenye ujumbe wa kukataliwa, iliyopigwa kabla ya saa ya mwisho, kuwa ushahidi kwamba kazi ilikuwa tayari. Anayechelewa kwa sababu ya 413 hajafanya uzembe, na hastahili kukatwa alama.