Mlima Haupandwi kwa Kunyooka

Lugha yetu haina huruma na kitu kilichopinda. Mtu mwema tunamwita mnyofu, na yule asiyeaminika tunasema ana maneno ya kupindapinda. Mtoto anayeanza kupotoka huambiwa ajinyooshe, na mti uliokwenda upogo hakuna aukataye kwa ajili ya boriti. Hivyo tangu utotoni tumelelewa kuamini ya kwamba mstari ulionyooka ndio ukweli na ndio nguvu, na kwamba kona ni dalili ya hila au ya udhaifu.

Katika tabia za watu fundisho hilo ni jema, wala sikusudii kulipinga. Lakini tukilichukua na kulipeleka barabarani, mlimani, baharini na hata katika ufundi wa nyumbani, huwa lina hatari yake; na hatari hiyo mara nyingine hulipwa kwa roho za watu. Kwa sababu hiyo nataka leo tuutazame pamoja ule mstari unaodharauliwa, mstari wa zigizaga, uendao mshazari upande mmoja, ukakata kona, ukarudi mshazari upande wa pili, mfano wa meno ya msumeno. Wengi wanaujua kwa sababu ni pambo la mikeka na vikapu vyao. Wachache wamejiuliza una kazi gani.

Tuanze na barabara. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, akiisha kupita Ruaha Mbuyuni, hufika chini ya Mlima Kitonga. Hapo ile barabara kuu iendayo hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, huacha unyofu wake ikaanza kujikunja. Malori yaliyokuwa yakikimbia tambarare hugeuka kuwa kobe, na abiria mgeni hutazama dirishani akaona gari lililo mbele yake likienda kinyume cha alikoelekea yeye. Vivyo hivyo kwa aliyepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni: humaliza kona moja akakuta nyingine inamngojea. Basi watu hunung'unika. Kwa nini waliojenga hawakupitisha barabara moja kwa moja, tukafika mapema?

Jibu lake ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Tuseme mlima umeinuka meta 100. Mhandisi akitaka gari lipande meta 10 kwa kila meta 100 za mwendo, atahitaji barabara ya meta 1,000. Akitaka mwinuko ulio mpole zaidi, wa meta 5 kwa kila meta 100, atahitaji barabara ya meta 2,000. Lakini ubavu wa mlima wenyewe, kutoka chini hadi juu, huenda hauna hata meta 400. Hizo meta 2,000 atazipata wapi? Atazikunja, kama vile mama akunjavyo doti za kanga zikaenea katika kisanduku kidogo. Kila kona uionayo ni mkunjo mmoja wa urefu ambao mlima haukuwa na nafasi ya kuutandaza.

Hapo lazima tuelewane vizuri. Mzigo ni ule ule, na kilele ni kile kile. Kazi ya kuupandisha mzigo huo haikupungua hata kidogo. Kilichopungua ni nguvu inayotakiwa kwa wakati mmoja. Njia ndefu huigawa kazi nzito katika sehemu ndogo ndogo ambazo injini, au mguu, unaweza kuzimudu. Elimu hii haikuletwa na magari. Mwanamke aliyejitwika mtungi au mzigo wa kuni hapandi mlima kwa kuukabili uso kwa uso. Huukata mshazari, akageuka, akaukata tena. Punda aliyebebeshwa naye hufanya hivyo hivyo akiachiwa achague njia yake.

Ikiwa gari la mipira linahitaji upole huo, garimoshi linauhitaji zaidi, maana gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi kwenye mwinuko. Huko India ipo reli nyembamba ya Darjeeling, iliyojengwa kati ya mwaka 1879 na 1881, ambayo hupanda kutoka tambarare hadi kituo cha Ghum, kilicho juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 2,200. Mahali pasipokuwa na nafasi ya kuzungusha kona, wajenzi waliweka zigizaga kamili. Garimoshi hupanda mshazari hadi mwisho wa reli na kusimama, njia hubadilishwa, kisha hupanda kinyumenyume katika mshazari wa pili, hapo husimama tena, likaendelea kwa kutanguliza kichwa. Mtu asiyejua angedhani dereva amepotea njia na sasa anarudi nyumbani. Kumbe kila anaporudi nyuma yuko juu zaidi kuliko alipokuwa. Mwaka 1999 reli hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Hata hivyo tusiifanye kona kuwa kitu kitakatifu. Huko Australia, karibu na mji wa Lithgow, reli ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1869. Ilifanya kazi yake vyema, lakini kusimama na kurudi nyuma kulikula muda, na magarimoshi yalipozidi yakawa yanasongamana. Mwaka 1910 ikaachwa, na mahali pake ikapitishwa njia mpya yenye mahandaki kumi. Hapa kwetu reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikutana na milima mikali kati ya Mlimba na Makambako. Pale wajenzi walitoboa mahandaki na kusimamisha madaraja marefu. Ni kusema kwamba penye fedha, zana na nguvu kazi, mwanadamu anaweza kuununua unyofu. Lakini ataununua kwa bei, na asiyeilipa bei hiyo hana budi kuukubali mkunjo.

Sasa tutoke mlimani tuteremke pwani, kwa maana baharini nako kuna mlima, ila hauonekani. Mlima huo ni upepo. Chombo cha tanga hakiwezi kuelekea moja kwa moja kule upepo utokako. Tanga litapwaya, na chombo kitarudishwa nyuma. Baharia aliyekutwa na upepo wa mbisho hupeleka chombo mshazari, upepo ukimpiga upande mmoja; akiisha kwenda kitambo hugeuza tanga, akaenda mshazari wa pili, upepo ukimpiga upande mwingine. Kwa kwenda hivyo, huku na huku, huufikia mwisho ule ule ambao upepo ulimkataza. Jambo hilo watu wa pwani huliita kupiga bisha. Neno ni lile lile la kubishana, kwani baharia hubishana na upepo. Wala hambishi mwenzake kwa kumpigia kelele. Huyakubali maneno ya upepo nusu, akayatumia nusu hiyo kusonga mbele.

Kama hayo yote yanaonekana kuwa mambo ya wahandisi na manahodha, basi jioni ya leo waite watoto mezani mfanye jaribio hili. Chukua karatasi moja ya daftari, uilaze juu ya bilauri mbili zilizoachana kidogo, iwe kama daraja. Weka juu yake bilauri ya tatu iliyo tupu, ya plastiki ili usipate hasara. Karatasi italegea na bilauri itaanguka. Kisha chukua karatasi ile ile, uikunje mikunjo membamba ya kwenda na kurudi, kama watoto wafanyavyo pepeo, uilaze tena juu ya bilauri zile mbili. Sasa itabeba. Hukuongeza gundi wala karatasi ya pili. Ulichofanya ni kuipa karatasi kimo. Kila mkunjo umesimama wima kama boriti ndogo, na kitu chenye kimo hupinda kwa shida zaidi kuliko kitu kilicholala.

Ukimaliza, wainulishe watoto macho watazame paa. Bati la migongo limejengwa juu ya elimu hiyo hiyo, isipokuwa mikunjo yake imeviringwa. Mhandisi Mwingereza, Henry Robinson Palmer, ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1829. Bati lile lile lingekuwa bapa lingeyumba kwa upepo na kubonyea chini ya mguu wa fundi.

Halafu umwendee fundi cherehani umwulize kwa nini fulana haishonwi kwa mshono wa moja kwa moja. Atakuambia kwamba kitambaa cha fulana huvutika. Uzi uliopitishwa kwa kunyooka hauna akiba. Kitambaa kikivutwa, uzi hukatika. Mshono wa zigizaga huwa na urefu wa ziada uliofichwa katika kona zake, na kitambaa kikivutwa, kona hufunguka kidogo, uzi ukasalimika. Mmarekani Helen Augusta Blanchard alipata hati ya mashine ya kushona namna hiyo mwaka 1873, na hadi leo nguo nyingi tunazovaa zinaishi kwa mshono wa aina hiyo.

Nimeyataja haya yote ili tufike mahali ninapokusudia. Kona za mlimani zilitengenezwa kwa makusudi, na mtu anayezipuuza anaiharibu hesabu iliyomweka hai. Wapo wanaozipuuza kwa miguu. Watu na mbuzi hukata njia za mkato kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, na kila siku njia hiyo huzidi kuwa uchi. Mvua ikija, maji hayahitaji kuelekezwa; huifuata njia iliyonyooka, hushika kasi, huchimba mfereji, na mfereji ukawa korongo. Mwisho wake korongo huila barabara yenyewe. Mkulima alimaye matuta ya kushuka na mteremko anayafungulia maji mlango huo huo, kisha mwaka wa pili anashangaa udongo wake umekwenda wapi.

Wapo pia wanaozipuuza kwa usukani, na hao ndio wa kuogopwa zaidi. Uzito uliopandishwa mlimani kwa taabu, wakati wa kushuka hutaka kurudi chini kwa mara moja. Dereva anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto, na breki zilizopata moto kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika. Kwa ajili hiyo madereva wazoefu wana kanuni yao: teremka kwa gia ambayo ungeipandia, ili injini isaidie kulizuia gari. Lakini wapo waondoao gia kabisa ili kubana mafuta, na wapo wayapitao malori ya wenzao katikati ya kona wasiyouona mwisho wake. Hao wamekwisha kuuona mlima kuwa tambarare.

Niliwahi kusafiri katika basi lililokuwa likiteremka mlima wa namna hiyo polepole sana, hata kijana mmoja akashindwa kuvumilia.

"Mzee, mbona tunatambaa? Wenzetu wote wametupita."

Dereva hakugeuka. "Mwanangu," akasema, "mlima huu nilipoupanda nilitumia gia ya pili, wala hukulalamika. Kwa nini unataka niushuke kana kwamba umekuwa mfupi?"

Kijana akanyamaza. Ingefaa wengi wetu tunyamaze pamoja naye, maana aghalabu ni sisi abiria tumhimizao dereva, na ni sisi tumsifuo yule aliyetufikisha mapema bila ya kuuliza alifanyaje. Abiria anayo haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na hapaswi kuona haya kuitumia.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ewe mzazi, unaposafiri na wanao milimani, usiwaambie kwamba kona zinawachelewesha. Waonyeshe kona moja baada ya nyingine, uwafanyishe hesabu ile ya meta 100, nao watajua kuwa kila mzunguko ni deni la kimo ambalo barabara inalilipa kidogo kidogo. Na gari likianza kuteremka kwa mbio, mtoto aliyeijua hesabu hiyo atakuwa wa kwanza kusema, "Dereva, polepole."