Kivu: wenye ugonjwa wa tezi ya shingo wapimwe macho mbele ya kulalamika

Katika Kivu, mtu akivimba shingo, wengi hutazama shingo peke yake. Macho husahauliwa mpaka yaanze kutoka inje. Wakati huo huenda uharibifu umekwisha kuanza.

Ugonjwa wa Basedow ndio unaosumbua macho zaidi. Kinga ya mwili hushambulia tezi, kisha misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Vyote huvimba ndani ya tundu la mfupa lisilopanuka. Kwa wagonjwa wachache, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hubanwa, na jicho linaweza kubanwa bila kutoka sana. Kwa hiyo, kungoja jicho litoke si kipimo.

Wachunguzi wanaotumia mashine za OCT wameona mabadiliko ya mishipa midogo ya damu kwenye retina, hata kwa wagonjwa ambao bado wanaona vizuri. Mashine hizo ni ghali, lakini kuzikosa si sababu ya kukaa bure. Mgonjwa anaweza kufunikwa jicho moja moja na kusoma herufi za ukutani. Anaweza kuonyeshwa kitu chekundu: kikififia kwenye jicho moja, hilo ni onyo, na linaweza kuja mbele ya herufi kupotea. Kipimo hicho ni cha dakika chache tu.

Kivu ina sababu ya kuwa macho. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana tangu miaka ya 1960 kwa goita iliyoletwa na ukosefu wa iyodi. Chumvi yenye iyodi imeokoa wengi, na watu waendelee kuila. Lakini mwaka 1996, jarida la Lancet liliandika juu ya wakaaji wa Kivu ambao tezi yao ilianza kufanya kazi kupita kiasi kwa sababu ya iyodi. Si kila tezi ya namna hiyo hugusa macho. Bila kupima, nani atajua?

Wakubwa wa afya waweke sheria nyepesi: anayekutwa na tezi inayofanya kazi kupita kiasi apimwe macho siku hiyohiyo, na kila anaporudi. Aambiwe pia kuacha tumbaku, kwani inazidisha hatari. Rangi ikianza kufifia, apelekwe kwa daktari wa macho bila kukawia. Dawa za kortizoni au upasuaji vinaweza kuokoa jicho, ila visije vikichelewa.