Jina la Baba na Jina Lako

Nina neno la kusema juu ya majina yetu, hasa yale tunayoyaandika mwisho katika madaftari na vyeti. Kila mwaka wanafunzi wanapoandikishwa kwa mitihani husikika mabishano yale yale: huyu ataka kufuta jina lake achukue la baba, yule aambiwa kwamba jina lake halilingani na la ndugu yake. Mimi nasema hivi: jina la baba na lichukuliwe, hapana ubaya, lakini mtoto asinyang'anywe lake ili lile lipate mahali pa kukaa.

Sisi wa Mella twakaa mahali ambapo majina hukutana kama malori pale Malaba. Huku Tororo tupo Wateso, na majirani zetu ni Waadhola. Ukishuka kusini kuelekea Busia wawakuta Wasamia. Ng'ambo ya mto, upande wa Kenya, wako Wateso wenzetu wa Amagoro na Amukura, na Wakhayo, na mbele yao Wabukusu. Ukisimama sokoni ukaita "Opio!" watageuka watu wa kabila zaidi ya moja, na pengine mmoja wao amekuja na kitambulisho cha nchi nyingine.

Sasa tutazame majina hayo yalivyopatikana. Kwa Wateso wa zamani mtoto hakupewa jina hivi hivi tu. Mtu mzima wa nyumba, mara nyingi bibi, alichovya kidole katika ajon, pombe yetu ya ulezi, akamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya watu wa ukoo. Mtoto akikinyonya kidole, lile lililotajwa ndilo jina lake. Kwa hiyo ilisemekana kwamba mtoto mwenyewe amechagua. Nami nadhani hapana karani wa serikali yoyote aliyepata kumpa mtoto mchanga heshima kama hiyo. Tena jina lenyewe lilionyesha kama ni la mume au la mke: Omoding ni mvulana, Amoding ni msichana, Okurut na Akurut, Okiror na Akiror. Herufi ya kwanza ilitosha.

Majirani zetu nao wana taratibu zao. Kwa Waadhola, Okoth na Akoth walizaliwa mvua ikinyesha, Owor alizaliwa usiku, na Ochieng' jua likiwaka. Kwa Wabukusu na ndugu zao, Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu ni wa kiangazi, na Wanjala ni wa mwaka wa njaa. Wasamia wana Bwire na Nabwire, waliozaliwa usiku. Hata Kiswahili kimeingia humo, maana wako akina Sikuku wengi waliozaliwa siku ya Krismasi. Pacha nao wana majina yao, Opio na Odongo kwa wavulana, Apio na Adongo kwa wasichana, na anayezaliwa baada yao ni Okello au Akello. Mzee asiyejua kusoma aliweza kuyataja majina ya watoto wa nyumba moja, akakueleza mwaka gani ulikuwa wa njaa, yupi alizaliwa usiku, na pacha walikuja lini.

Katika majina hayo yote hapana hata moja lililowekwa lirithiwe na watoto wote wa nyumba. Jina la babu lilirudi kwa mjukuu mmoja, basi. Jambo lililowaunganisha watu lilikuwa ni ukoo, ambao sisi twauita ateker na Waadhola huuita nono, nao ulijulikana kwa kinywa, haukuandikwa nyuma ya jina la mtu. Hivyo mstari ule wa fomu tunaouita "jina la ukoo" sisi hatuujazi kwa jina la ukoo hata kidogo. Twaandika jina la mtu mmoja, baba au babu, nalo ladumu kana kwamba ni la ukoo.

Desturi hiyo ilikuja na karatasi. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na mwishowe Wateso tukajikuta katika daftari mbili. Katika Kenya, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilivaliwa shingoni ndani ya kikopo kidogo cha bati. Huku Uganda ilikuwa kodi. Kanisani ulikuwa ubatizo, uliompa mtu jina la kwanza la kigeni, na shuleni ilikuwa rejista. Karani alitaka majina mawili, na mtu alikuwa nayo: lake la kuzaliwa na lile la ubatizo. Kizazi kile hakikupoteza kitu. Waliopoteza ni watoto wao, maana nafasi zilibaki mbili na majina yakawa matatu.

Hapo ndipo palipo na shida yetu. Mtoto aitwa Brian. Baba yake ni Wafula. Shuleni aandikwa Brian Wafula. Yeye mwenyewe alizaliwa Januari katika ukame mkali, na bibi yake alimwita Simiyu, lakini jina hilo halimo mahali popote. Brian akizaa mtoto, wengine humwandika Kevin Brian, na hapo Wafula pia amezikwa. Vizazi vitatu, na hapana tena mvua wala kiangazi. Wengine hulishika lile la babu lisiondoke kabisa, na mambo huwa ya kuchekesha: Bwana Opio ana watoto watano, wote ni Opio, wala hapana pacha hata mmoja. Binti yake ni Grace Opio, yaani, kwa maneno yetu, Grace ni mvulana tena ni pacha wa kwanza. Msichana ameongopewa mara mbili kwa jina moja!

Lakini yafaa tuwasikilize wanaotaka jina moja la nyumba, maana hawasemi upuuzi. Uganda ilipoanza kuwaandikisha watu wote kwa vitambulisho vya taifa mwaka 2014, nyumba nyingi zilikuwa na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambao hapana hata wawili wanaolingana jina la mwisho. Mbele ya benki, au penye mirathi, au mtu aombapo msaada wa karo kwa ajili ya mdogo wake, jambo hilo laweza kuleta usumbufu wa kweli. Tena tazameni watoto wa Kanoni Jeremiah Awori, wa upande wa Busia. Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hata 2008. Ndugu yake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001. Mpaka ulipita katikati yao, lakini mtu yeyote aliyesoma gazeti alijua kuwa ni nyumba moja. Jina la baba lilifanya kazi hiyo, na kazi hiyo ni njema.

Hata hivyo, kwa kulipata jina la baba si lazima lako lifutwe. Watu wa pwani wamefanya hivyo karne nyingi: Fatuma binti Ali bin Said ana jina lake, na la baba, na la babu, wala hapana aliyemwita Fatuma kwa jina la Ali. Huko Iceland, hata leo, watu wengi hawana jina la nyumba. Mtoto wa kiume huandikwa mwana wa fulani na wa kike binti wa fulani, na mambo ya serikali yaenda sawasawa. Uturuki ndiko walikotoa sheria mwaka 1934 kwamba kila mtu awe na jina la nyumba. Sisi hatujatungiwa sheria ya namna hiyo, ila twajitungia wenyewe kwa uvivu wa kujaza fomu.

Basi, vijana, kitambulisho hutolewa kwa miaka 16 huku Uganda na 18 ng'ambo, na jina likishaingia katika cheti cha mtihani kulibadili ni habari ya viapo, wanasheria na ada. Kabla ya siku hiyo nendeni kwa bibi zenu, au kwa shangazi, mkaulize mliitwaje na kwa sababu gani, na tahajia yake mkubaliane nyumbani, maana Othieno wa huku akivuka mpaka huandikwa Otieno. Nawaomba walimu wanaoandikisha nao waache majina matatu yaingie, kwa maana fomu nyingi zina mstari wa majina mengine ambao huachwa mtupu. Na yule binti wa Bwana Opio, kama bibi yake alimwita Akiror, aandikwe Grace Akiror Opio.