Nati Imegoma: Kosa Ni La Nani?



Wengi wetu wa reli, zamu ikiisha, twashika spana nyingine nyumbani. Huyu ana pikipiki yake ya kuchukulia abiria, yule ana kijana wake afanyaye kazi katika gereji. Kwa hiyo habari ya nati iliyoshika kutu si habari ya mbali nasi. Twataka kusema neno juu yake, maana mwezi uliopita imemkatisha mshahara mtoto wa mwenzetu.

Mambo yalikuwa hivi. Kijana aliajiriwa katika gereji moja ya mjini. Akapewa pikipiki iliyokuwa ikivuja oili, afungue mfuniko wa klachi. Vyombo alivyopewa vilikuwa vitatu tu: koleo, nyundo, na ile spana ya kupanua na kubana ambayo mafundi wameipa jina la aibu kwa kuwa huenda na kila nati. Bolti zilikuwa zimeganda. Ya kwanza ililika kichwa kikawa mviringo. Ya pili ikakatika ndani ya injini. Mwenye gereji akasema, "Umeharibu mali ya watu," na mwisho wa mwezi akamkata. Kijana akanyamaza.

Sisi twasema kijana yule hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la vyombo, na vyombo ni vya mwenye gereji.

Tueleze sababu. Bolti nyingi za mifuniko ya injini ndogo, kama hizi zitokazo India na Uchina, zina unene wa milimita 6 tu, na kichwa chake huwa cha 8 au cha 10. Chuma chembamba namna hiyo hakivumilii kulazimishwa. Ile spana ya kupanua hushika pande 2 tu za kichwa, na taya lake hucheza. Ukiivuta kwa nguvu hula pembe. Lakini spana ya ringi, au soketi yenye pembe 6, hukizunguka kichwa chote, na nguvu hugawanyika pande zote. Soketi ya pembe 12 yafaa kwa nati nzima. Kwa nati iliyoanza kulika, tafuta ya pembe 6.

Tena kuna jambo la kipimo. Sisi wa karakana tumezijua spana za kale za Uingereza zilizopimwa kwa inchi. Zile za Whitworth namba yake si hata upana wa nati, ni unene wa bolti. Pikipiki hizi za leo ni za milimita. Spana ya inchi 7/16 ina upana wa milimita 11.1. Ukiitia katika kichwa cha 10 itaingia vizuri, utafurahi, halafu pembe zote zitakwisha.

Mafundi husema, "Nati imegoma." Basi, sisi wa chama twajua habari za kugoma. Anayegoma ana sababu, na kumpiga hakuiondoi sababu ile. Kwanza safisha uchafu kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya kupenya, ukaiache, hata usiku kucha ikibidi. Gonga kichwa polepole ili kutu ipasuke. Kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikikataa bado, tumia joto. Mfuniko ni wa aluminiamu, nayo hupanuka kwa joto karibu mara 2 kuliko chuma. Kwa hiyo pasha moto mfuniko kandokando ya bolti, usipashe bolti peke yake. Lakini tangi la petroli liondolewe kwanza na kuwekwa mbali. Hakuna nati yenye thamani ya ngozi ya mtu.

Skrubu za msalaba zina chombo chake: bisibisi ya kugonga, ambayo ukiipiga nyundo hujibana na kuzunguka kwa pamoja. Nati kubwa ya magneti yataka chombo cha kushika magneti isizunguke, na magneti yenyewe yataka pula ya kuivuta. Anayekwamisha meno ya gia kwa bisibisi atavunja meno. Nati zenye mikato 4, kama zilivyo katika baadhi ya injini, zina soketi yake yenye meno 4. Wengi huzipiga kwa tindo mpaka zikaharibika. Tena angalia upande wa kuzungusha, maana si kila nati hufunguka upande mmoja. Aliyewahi kufungua pedali ya kushoto ya baiskeli anajua.

Wenye gereji watasema vyombo hivi ni ghali. Twajibu: kutoboa bolti iliyokatika na kukata nyuzi upya ni ghali zaidi, na gharama hiyo hurudi kila mwezi. Seti ya soketi hununuliwa mara moja.

Wala hatumtetei mvivu. Mtu aliyepewa soketi njema akaiacha sandukuni kwa sababu koleo lilikuwa karibu, huyo aonywe. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki tu, kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kupewa nyundo mahali pa soketi si makusudi ya mfanyakazi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Ukipewa kazi na chombo kisichofaa, sema kabla hujaanza, mbele ya mwenzako atakayeweza kushuhudia. Usitie sahihi karatasi ya kukubali hasara usiyoielewa. Ukikatwa, usinyamaze, nenda ofisi ya kazi. Na sisi wenye pikipiki zetu tuchange, mtaa kwa mtaa, tununue sanduku moja la vyombo vyema, likae kwa mtu mwaminifu na daftari la kuazima. Haba na haba hujaza kibaba.

Yule kijana tumeongea naye pamoja na babake. Jumatatu atakwenda ofisi ya kazi, na wawili wetu wasio na zamu siku hiyo watafuatana naye. Bolti iliyokatika ataichukua mfukoni, wapate kuiona.