Tangi la mtumba: kabla ya taa, nunua betri

Haya wasomaji wangu, leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata. Nina tangi la samaki sebuleni, la maji ya chumvi, nililouziwa na familia iliyokuwa ikihama Lavington. Urefu sentimita 150, upana 60, kimo 60. Piga hesabu: lita 540. Kila anayelitazama hapa Dagoretti huniuliza taa nitanunua zipi. Hakuna anayeuliza kuhusu betri. Mimi nasema betri ndiyo ya kwanza na taa ni za mwisho, hata kama muuzaji atakwambia kinyume.

Nieleze. Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya mtoni, na yakiwa na joto hubeba kidogo zaidi. Halafu kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hailigusi sana, maana wengi wa wasomaji wake hawaishi milimani kama sisi. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako hapa hapa Dagoretti Corner, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huku ni kama asilimia 81 ya ile ya Mombasa. Kwa hiyo maji yaleyale, chumvi ileile, joto lilelile, yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Samaki wa Shimoni akiletwa kwangu ni kama mkimbiaji wa Pwani aliyepelekwa Iten, na hakuomba.

Sasa pampu isimame usiku. Na stima yetu mnaijua. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, nchi nzima ikawa giza. (Tumbili alipona, kwa wanaojali.) Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi kwa saa nyingi zaidi, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaguswa. Hizo ni za kitaifa. Zile za mtaa wetu, mvua ikitishia tu, mimi sihesabu tena.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200. Pampu mbili ndogo za kuzungusha maji, wati 20 kwa jumla, zitakwenda zaidi ya siku mbili. Hita ya wati 300 itaimaliza kwa saa nne. Kwa hiyo hita haiunganishwi na betri, basi. Lita 540 hazipoi haraka: kwa hesabu yangu, hata usiku wa Julai joto litashuka nyuzi mbili au tatu. Samaki watanuna. Bila hewa hawanuni, wanakufa.

Hapa ndipo nagombana na waandaaji programu wenzangu. Mnapenda kila kitu kiongozwe na simu kupitia seva iliyo ng'ambo. Intaneti ikikatika, je? Hita mbili za wati 150, kila moja na kidhibiti joto chake, ni salama kuliko moja kubwa yenye programu maridadi, kwa sababu moja ikikwama ikiwaka, peke yake haina nguvu ya kuwapika samaki. Nitaandika msimbo wa kupima na kunitumia ujumbe. Kuzima na kuwasha pampu, hapana.

Ukarabati wenyewe ni kazi ya wembe na subira. Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu, hivyo kwangua yote, usizibe kiraka. Nunua isiyo na dawa ya kuvu. Siki huondoa ule ukoko mweupe kwenye kioo. Muulize mwenye tangi kama aliwahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba, kwani shaba huua kamba na konokono, na mawe huitunza muda mrefu. Mimi niliyaacha mawe yake yote. Meza ilichomelewa na fundi wa jua kali wa Ngong Road. Maji, kioo na mawe vinapita kilo 700, na kama unakaa ghorofani, tafadhali muulize mhandisi kwanza.

Chumvi ya jikoni? Usijaribu. Hiyo karibu yote ni kloridi ya sodiamu na madini joto kidogo. Bahari ina magnesi, kalisi na mengine mengi. Unahitaji chumvi ya matangi, gramu 35 kwa lita, yaani kilo 19 hivi, na mitungi 27 ya maji yaliyochujwa kutoka duka la kujaza maji mtaani.

Kisha ngoja wiki nne hadi sita bila samaki, bakteria wajifunze kugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wengi hushindwa hapa. Lakini samaki hawa hawatoki kiwandani. Wapiga mbizi wa Kwale na Kilifi huwanasa kwenye miamba yetu, na wengi husafirishwa nje. Yuko mmoja mdogo mwenye mstari mweusi, anayewala vimelea wenzake, na samaki wakubwa humpangia foleni mwambani. Ukimtoa, wale wanabaki bila tabibu, na yeye tangini mara nyingi hufa njaa. Huyo sitamnunua hata nikipewa bure.

Niko wiki ya tano. Amonia ni sifuri, naitraiti bado inaonekana. Jumamosi usiku nitazima swichi kuu makusudi, saa kumi na mbili mfululizo, nione kama betri inashika zamu. Namba nitawawekea hapa.