Chombo Kisicho na Daftari

Kila chombo kinapozama, methali hufika pwani kabla ya maiti: chombo cha kuzama hakina usukani. Wahenga walioisema waliijua bahari na dhoruba zake. Hawakukusudia iwe kinga ya wazembe. Sisi tumeigeuza hati ya kuwasafisha wanadamu na kumbebesha Mungu makosa yao.

Mimi nakaa Kiseke, Mwanza, mbali na maji ya chumvi lakini si mbali na msiba. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekwisha kuukaribia mji huu. Waulizeni watu ni wangapi waliokufa. Mmoja atasema mia tano na ushei, mwingine mia nane, mwingine elfu. Makaburi ya Igoma hayana jawabu, kwani abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Maskini alilipa nauli, akapakiwa, akafa, asijulikane kwamba alisafiri.

Je, tulifunzika? Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kikitokea Bugolora, kilipinduka karibu na gati ya Ukara. Kiliruhusiwa watu 101. Walikufa 228, wakaokoka 41. Hesabu hii haikutoka katika daftari lolote. Tuliipata kwa kuhesabu maiti. Nanyi ndugu zetu wa Unguja na Pemba, mlioipoteza Spice Islander mwaka 2011, hamna haja ya kusimuliwa.

Nitajibiwa kwamba mambo yamebadilika. Mwaka 2023 ilishushwa majini MV Mwanza, meli ya abiria 1,200. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Sibezi hata kidogo. Lakini daraja hilo halifiki Ukara, na meli kubwa isiyo na orodha ni kaburi kubwa zaidi.

Daftari halihitaji mkopo wa nje wala mkandarasi. Liandikwe jina la abiria, umri wake, atokako, na jamaa wa kupashwa habari. Nakala ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Idadi ikitimia, lango lifungwe, hata kama anayebisha hodi ni mkubwa wa serikali.

Wala sisi abiria tusijione watakatifu. Ni nani humpenyezea karani noti ili arukie chombo kilichojaa? Ni nani humtukana nahodha anayekataa kung'oa nanga? Rushwa ile ndogo ya gatini ndiyo nauli ya kwenda Igoma.

Siku karani wa Bugolora atakapomrudisha mtu wa 102, naye mtu huyo akanuna, akalala gulioni na samaki wake, akaamka asubuhi yu hai, siku hiyo nitakubali kwamba chombo chetu kimepata usukani.