Muuguzi ni Mlinzi wa Pumzi

Nilipata kukesha kando ya kitanda cha mjomba wangu aliyelazwa akiugua nimonia. Dawa alidungwa kwa wakati, na oksijeni ilikuwako. Hata hivyo, kifua kilikoroma usiku kucha, kwa kuwa makohozi yalikuwa yameziba njia ya hewa naye hakuwa na nguvu za kuyatoa.

Alfajiri akaja muuguzi wa zamu. Alimwinua, akamwegemeza kwenye mito, akamwelekeza avute pumzi ndefu, aizuie kidogo, kisha akohoe kwa nguvu huku amekumbatia mto ili kupunguza kichomi. Akampa maji ya uvuguvugu anywe kidogo kidogo, makohozi yapate kulainika. Haikupita saa moja mjomba akapata nafuu, akalala.

Nasimulia haya kwa sababu wako wanafunzi wanaodhani kwamba uuguzi ni kimbilio la aliyekosa nafasi ya udaktari. Dhana hiyo ni potofu. Dawa huua viini, lakini haimgeuzi mgonjwa ubavu wala haimsaidii kukohoa. Asiyejiweza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Aliyezidiwa hufyonzwa makohozi kwa mpira, na si zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, maana mpira huo hufyonza pia hewa anayoihitaji. Kazi hiyo yataka elimu, mkono mwepesi na jicho la kutambua midomo inapoanza kubadilika rangi.

Yataka pia wakati. Muuguzi yule alikuwa peke yake katika wodi nzima. Ndiyo sababu tulimngoja hadi alfajiri. Simlaumu hata kidogo. Lawama ni ya wanaonunua mitambo kwa shangwe kisha wakasahau kuajiri watu wa kuitumia, ilhali humu nchini wamo wauguzi waliohitimu wasio na kazi.

Walimu nao, hasa wa shule za bweni, wana wajibu. Mwanafunzi mwenye homa, anayekohoa, kuhema au kulalamikia kichomi, asipewe tembe za maumivu na kurudishwa bwenini. Apelekwe kwenye zahanati siku iyo hiyo. Na yule anayesema darasani kwamba anataka kuwa muuguzi, asichekwe. Huenda siku moja mwalimu wake akalala hoi kitandani, akimngoja yeye aje kumwinua.